Kishazi Kikuu Kisicho na Ukuu: Uhakiki wa Mafundisho Kuhusu Vitenzi vya Kufikiri Katika Kiingereza

1. Utangulizi

Mwanafunzi yeyote aliyesoma sarufi ya Kiingereza katika shule zetu amefundishwa kuchanganua sentensi changamano kwa kanuni moja: kwanza tafuta kishazi kikuu, kisha tafuta kishazi tegemezi. Akipewa sentensi kama "I think that the bus has left", yaani nafikiri kwamba basi limekwisha ondoka, hujibu bila kusita kwamba "I think" ndicho kishazi kikuu, na kwamba maneno yafuatayo ni kishazi tegemezi chenye kazi ya nomino, kwa kuwa ni yambwa ya kitenzi. Jibu hilo hupata alama zote. Makala haya hayakusudii kudai kwamba jibu hilo ni kosa. Yanakusudia kuonyesha kwamba ni nusu ya jibu, na kwamba nusu iliyoachwa ndiyo inayomhusu zaidi mwalimu wa lugha, mfasiri na mkalimani.

Mwandishi alilitambua jambo hili kwa kuumia. Alipokuwa akisomea shahada ya uzamili ng'ambo, msimamizi wake, ambaye Kiingereza ni lugha yake ya kwanza, alimwambia: "I think you might want to look at the second chapter again." Mwandishi aliyapima maneno hayo kwa kanuni ya shule: jambo kuu ni kwamba mwalimu anafikiri, yaliyobaki ni yambwa ya fikira hiyo. Akashukuru, akaendelea na sura ya tatu. Baada ya majuma kadhaa akarudishiwa kazi yote, kwani lile halikuwa wazo la kupita bali agizo la kuiandika upya sura ya pili. Sarufi aliijua, matumizi hakuyajua.

2. Uzito wa maneno uko wapi?

Natuanze na mfano mwepesi. Mtu anauliza aliko Peter, naye anajibiwa: "I think he's in the library." Swali lilimhusu Peter, na jibu linamhusu Peter. Hakuna aliyeuliza habari za fikira za mjibuji. Tena, asiyekubaliana na jibu hilo husema "No, he isn't", maana yake, la, hayupo huko. Hasemi "No, you don't", yaani, la, wewe hufikiri hivyo. Kinachokanushwa ni kile kiitwacho kishazi tegemezi.

Ushahidi wa pili watokana na kile kijiswali ambacho Waingereza hupenda kufungia sentensi. Husema "I think the rain has stopped, hasn't it?" Kijiswali hicho chaifuata mvua, wala hakimfuati anayefikiri. Lakini tukibadilisha nafsi, mambo hugeuka: "Mary thinks the rain has stopped, doesn't she?" Hapa kijiswali chamfuata Mary. Umbo la sentensi hizi mbili ni moja, lakini kiini cha usemi kimehama.

Ushahidi wa tatu ni uhuru wa maneno yenyewe. "I think" yaweza kukaa mwanzoni, katikati, au mwishoni: "He is, I think, in the library", "He's in the library, I think." Ni vigumu kukiita kikuu kishazi kinachoweza kutupwa mwishoni mwa sentensi, kikatamkwa kwa sauti ya chini kama jambo lililosahauliwa.

Wataalamu hawakuchelewa kuliona jambo hili. J. O. Urmson, katika makala yake ya mwaka 1952, alieleza kwamba vitenzi vya namna hii, vikiwa katika nafsi ya kwanza na wakati uliopo, haviarifu tendo la akilini, bali humwongoza msikilizaji ajue asadiki kwa kiasi gani yale asemwayo. Mwaka 1991 Sandra Thompson na Anthony Mulac walichunguza mazungumzo ya Kiingereza, wakaonyesha kwamba kuachwa kwa kiunganishi "that" hakutokei ovyo: huambatana hasa na kiima cha nafsi ya kwanza au ya pili, na vitenzi kama "think" na "guess". Kiunganishi kikitoweka, mpaka baina ya vishazi hufifia. Nao Holger Diessel na Michael Tomasello, mwaka 2001, walionyesha kwamba watoto wanaojifunza Kiingereza nyumbani huanza kutumia "I think" kama fungu moja lililokaza, kabla hawajaweza kuunda sentensi zenye kishazi kikuu cha kweli cha aina hii. Yaani kile tunachokifundisha kwanza darasani, mtoto wa Kiingereza hukifikia baadaye.

3. Pale wataalamu walipovuka mpaka

Hata hivyo, hatupaswi kulitupa umbo kwa sababu tumegundua matumizi. Katika makala yake ya mwaka 2002, Thompson alikwenda mbali zaidi. Alipendekeza kwamba, katika mazungumzo, kile kiitwacho kishazi kikuu kitazamwe kama kipande cha maneno kilichozoeleka, kinachodokeza msimamo wa msemaji, na kwamba dhana ya kishazi tegemezi haitufai sana katika kukieleza. Rai hii ina mvuto, lakini kwa maoni yetu inakwama mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni nyakati. Mwingereza akikuta duka limefungwa husema: "I thought the shop was open." Mbona "was", hali anazungumzia duka lililo mbele yake sasa hivi? Ni kwa sababu kitenzi cha kwanza kiko katika wakati uliopita, nacho kwa kawaida hukivuta cha pili kiingie katika wakati huo huo. Kama "I thought" kingekuwa pambo tu, kingepata wapi mamlaka ya kutawala wakati wa kitenzi kingine? Anayetawala, hata kama hasikiki, bado anatawala.

Mahali pa pili ni ukanushi. Waingereza hawapendelei kusema "I think he won't come". Husema "I don't think he'll come". Ukanushi ni wa kuja, lakini umepandishwa ukavikwa kitenzi cha kufikiri. Charles Fillmore aliligusia jambo hili mwaka 1963, na tangu hapo limejadiliwa sana. Si kila kitenzi kinachokubali: husemwa "I hope he won't come", wala si kawaida kusema "I don't hope he'll come". Basi "think" katika sentensi hiyo bado ni kitenzi, chenye kupokea ukanushi na chenye tabia zake ambazo wenzake hawana.

Tunalopendekeza ni kutenganisha mambo mawili ambayo shule imeyachanganya, na ambayo Thompson naye ameyaunganisha kwa upande wa pili: cheo cha kisarufi na uzito wa usemi. Kwa cheo, "I think" ni kikuu daima kinapotangulia. Kwa uzito, huwa chepesi zaidi kiima kikiwa nafsi ya kwanza, wakati ukiwa uliopo, na "that" ikiachwa. Badili nafsi, au badili wakati, au kitie kitenzi mkazo wa sauti, na uzito wake hurejea: "I think he's there, I don't know it." Hapa kufikiri kumelinganishwa na kujua, na ndiko kunakozungumzwa.

4. Yanayotupata sisi

Msomaji ataweza kuuliza: haya ni ya Waingereza; sisi yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu kanuni ile ya shule ndiyo tunayofasiria. Mfasiri aliyefunzwa kwamba "I think" ndicho kiini huandika "Nafikiri kwamba yuko maktaba" kila anapoikuta, hata katika mazungumzo ya watu wawili njiani. Mswahili angesema "Nadhani yuko maktaba", au "Yuko maktaba, nadhani", au "Huenda yuko maktaba". Kiswahili nacho kina wepesi huo huo, na "kwamba" iliyopachikwa kila mahali huuondoa.

Madhara ya nyakati ni makubwa zaidi. "I thought the shop was open" hufasiriwa mara nyingi "Nilidhani kwamba duka lilikuwa wazi". Msomaji wa Kiswahili huelewa kwamba duka lilikuwa wazi kabla ya wakati wa kudhani. Kiswahili hakivuti nyakati namna hiyo; tafsiri iliyo sawa ni "Nilidhani duka liko wazi".

Na liko jambo zito kuliko maktaba na duka. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya Kenya yasema kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Hivyo maneno ya mashahidi huvuka kutoka lugha moja hadi nyingine. Shahidi asemapo "Niliona ni yeye", kitenzi chake chaweza kuwa cha macho, "I saw that it was him", au cha kudhani, "I thought it was him". Sentensi ya kwanza yathibitisha. Ya pili, kwa masikio ya Mwingereza, huenda ikaashiria kwamba shahidi alikosea. Mkalimani ambaye hakufunzwa kuupima uzito wa kitenzi hicho ameachiwa kuamua jambo kubwa kwa kubahatisha, na anayesubiri kizimbani ndiye atakayeilipa gharama.

5. Hitimisho

Hatupendekezi uchanganuzi wa sentensi uondolewe darasani. Twapendekeza kwamba, baada ya mwanafunzi kukitaja kishazi kikuu, aulizwe swali la pili: je, msemaji amesema nini hasa, na asiyekubaliana naye angekanusha neno gani? Swali hilo halihitaji istilahi mpya wala kitabu kipya. Linahitaji mwalimu aliye tayari kukiri kwamba sentensi yaweza kuwa na kichwa mahali pamoja na moyo mahali pengine. Mwandishi angaliulizwa swali hilo alipokuwa kidato cha pili, angaliiandika upya sura yake mapema.