Protini Ikipanda, Fosfati Ifuate

Mtoto njiti wa kilo 1 huzaliwa karibu bila akiba. Mafuta ambayo angeyaweka mwilini katika miezi mitatu ya mwisho tumboni hakuyapata, na matumbo yake bado hayamudu maziwa ya kumtosha. Akitundikiwa dripu ya glukosi peke yake, mwili hujila wenyewe: kila siku hupoteza zaidi ya asilimia 1 ya protini yake. Hata hivyo kwa miaka mingi asidi amino, vijenzi vya protini, zilicheleweshwa, kwa hofu kwamba ini na figo changa zingeelemewa.

Mwongozo wa Ulaya wa ESPGHAN, chama cha wataalamu wa matumbo na lishe ya watoto, na wenzake, 2018, na ule wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, 2020, imeikataa hofu hiyo. Asidi amino zianze siku ya kwanza, angalau gramu 1.5 kwa kila kilo. NICE inataka lishe ya mshipa ianze ndani ya saa 8 baada ya uamuzi wa kuitoa, jambo linalorahisishwa pale mifuko ya kiwango kimoja inapokuwa tayari imeandaliwa.

Lakini kazi ya kupendeza zaidi imefanyika kwenye fosfati. Seli ikipata asidi amino hujenga, na ikijenga huvuta fosfati na potasiamu kutoka kwenye damu. Protini ikipandishwa huku madini yakiachwa palepale, fosfati huporomoka. Mifupa huyeyushwa ili kufidia, na kalsiamu hufurika kwenye damu. Hapo ni rahisi sana kudanganyika ukapunguza kalsiamu, kumbe mtoto analilia fosfati!

Kwa hiyo mwongozo wa Ulaya uliupindua uwiano wa siku za mwanzo: kwa kila moli 1 ya fosfati, kalsiamu iwe 0.8 hadi 1. Mtoto akishashika kasi ya kukua, kalsiamu hurudi juu, karibu 1.3.

Kulikuwa na kikwazo cha kikemia. Kalsiamu na fosfati ya kawaida zikizidi kwenye mfuko mmoja huganda kama chokaa. Mwaka 1994 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya vifo vilivyohusishwa na mgando huo. Fosfati ya kikaboni, gliserofosfati ya sodiamu, haigandi hivyo, ndiyo maana madini yote mawili yanaweza kutoshea katika maji machache anayovumilia mtoto huyu.

Mimi nikishika karatasi ya dripu ya njiti, natazama kwanza mstari wa asidi amino. Ukiwa umepanda tangu jana, naomba fosfati ya damu ipimwe leo, kabla mfuko wa kesho haujaagizwa.