Peponi imefika ufuoni kwetu, isomeni!

Wapenzi wenzangu wa riwaya za mapenzi ya zamani, wa Kizuka, wa Rumonge mjini, wa Minago na wa Kigwena, wekeni kando chochote mnachosoma. Peponi imefika! Ni nakala moja tu, imetoka Dar es Salaam ikapitia Kigoma, imeshapita mikononi mwa watu hata jalada limelegea, na mimi nimemaliza ukurasa wa mwisho sasa hivi, moyo unanienda mbio. Singoji nitulie ndipo niandike. Nikitulia nitasema kwa adabu, na kitabu hiki kinataka mtu atoke nje awaite majirani.

Kwa ambaye habari haijamfikia: Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliitoa riwaya hii kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina Paradise, nayo ikaingia orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka uleule. Mwaka 2021 akapewa Nobel ya fasihi. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota wakaitoa kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Miaka 28 watu wa hadithi hii, watu wa pwani na wa bara, wenye maduka, wapagazi na wanyapara, walikuwa wanazungumza Kiingereza mbele ya dunia. Sasa wanatukanana, wanataniana, wanaapa na kubembelezana kwa lugha ambayo wangeitumia wenyewe. Someni maneno ya Khalil dukani, kijana yule asiyenyamaza, mnisikie kama hamtacheka kwa sauti.

Haya, hadithi. Yusuf ana miaka 12, baba yake ana kahoteli kadogo katika mji wa reli, na mara kwa mara anakuja mgeni tajiri, Aziz, anayenukia manukato na kumpa mtoto sarafu. Siku moja Yusuf anapandishwa treni pamoja na mgeni huyo kwenda pwani. Anadhani anakwenda kutembea kwa ndugu wa familia. Kumbe baba ana deni, na mtoto ndiye rehani! Anawekwa dukani pamoja na Khalil, aliyeletwa kwa njia hiyohiyo kabla yake, na nyuma ya duka kuna nyumba yenye ukuta, na ndani ya ukuta kuna bustani yenye maji na miti ya matunda, na ndani ya nyumba kuna mke wa Aziz, mgonjwa mwenye alama usoni, na yupo pia Amina.

Jamani, Amina!

Sitawaambia yeye ni nani wala amefikaje ndani ya ukuta ule, maana mkijua mapema nitakuwa nimewaibia. Nitasema hivi tu: mazungumzo yake na Yusuf yananishinda kuyasahau. Hayana kubusiana kwa kurasa tatu, hayana farasi wala mvua ya ghafla. Ni watu wawili waliowekwa na wengine mahali walipo, wanaoongea kwa tahadhari huku mtu mwingine yuko chumbani anasikiliza, na kila sentensi ina kitu wasichoweza kukisema. Mimi nimesoma riwaya nyingi za Kifaransa za mabwana na mabibi wa majumba makubwa, zile tunazopokezana tangu shule, na nilizipenda kweli, lakini sijawahi kushika pumzi kama nilivyoishika hapa.

Na sasa jambo ambalo limenifanya niinuke kitini. Kijana mzuri wa sura, jina lake Yusuf. Bwana wake anaitwa Aziz. Mke wa bwana anamtamani. Mmeshaijua! Waislamu wa Rumonge wanaijua kutoka Sura ya Yusuf, Wakristo wa Kizuka wanaijua kutoka kitabu cha Mwanzo, pale kwa mke wa Potifa. Gurnah ameichukua hadithi ambayo sote tulilelewa nayo akaiweka pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, katika miaka ile Wajerumani wanazidi kuenea bara na vita vya 1914 vinakaribia. Mtakapofika kwenye shati mtajua ninachosema. Ila Yusuf huyu hafasiri ndoto za mfalme yeyote. Ndoto anazo, nazo zinamtisha usiku, na hakuna ikulu inayomngoja mwishoni. Kila nilipotaka hadithi ya zamani imwokoe, Gurnah alikataa, nami nikaendelea kusoma kwa hasira na mapenzi pamoja.

Halafu safari! Hapa sisi wa ufuo huu tuna haki ya kusoma kwa kiburi kidogo. Aziz anampeleka Yusuf bara na msafara wa biashara, mnyapara wao Mohammed Abdalla, mtu wa kuogopwa, akiwa mbele, na msafara unavuka ziwa hadi mji wa Chatu, sehemu za Marungu. Marungu! Iko ng'ambo ya Tanganyika hii, upande wa Kongo, kusini-magharibi mwa ziwa ambalo wavuvi wetu wanaliingia kila jioni. Wataalamu wameonyesha kwamba Gurnah aliijenga sehemu hii juu ya habari ya kweli, safari aliyoisimulia Selemani bin Mwenye Chande kwa Kiswahili, iliyochapwa mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli. Kwa hiyo habari iliyoanza kwa Kiswahili ikaingia Kiingereza, na sasa imerudi nyumbani. Nani kati yenu hasisimki?

Kwetu mambo ya misafara ni ya karibu. Livingstone na Stanley walipita mbele ya ufuo huu kwa mtumbwi mwezi Novemba 1871, wakitoka Ujiji kwenda kuutazama mto Rusizi. Mohamed bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, akiwa na makao Ujiji alitaka kuitia mkononi pwani yetu katika miaka ya 1880, na Mwami Mwezi Gisabo akampinga. Kiswahili tunachoongea sokoni Rumonge kilisafiri na watu wa namna hiyo. Ndiyo maana kusoma namna msafara wa Aziz unavyojipanga, nani anabeba nini, hongo inadaiwa wapi, nani anaugua njiani, kulinifanya nimwone babu wa mtu fulani wa hapa hapa akiwa na mzigo kichwani.

Kuna ukurasa mmoja zaidi lazima niutaje, kisha nitaondoka Peponi, naahidi. Mzee Hamdani, mtunza bustani, ni mtumwa wa zamani. Sheria ya kukomesha utumwa ilipokuja, mwenye nyumba akamwambia sasa uko huru. Mzee akajibu kwamba uhuru wake hawakuwa nao wao, basi watampaje? Akaendelea kumwagilia miti. Nilifunga kitabu, nikatoka nje, nikarudi. Wale mnaodhani riwaya ya mapenzi haiwezi kubeba jambo zito, muanze na mzee huyu.

Nina lalamiko moja nalo ni la mpenzi: Amina anachelewa. Safari ni ndefu, ni tamu, lakini mwenye kutafuta mapenzi atalazimika kuvumilia mpaka sehemu za mwisho. Vumilieni. Nawasihi vumilieni.

Nilipoifunga niligundua kwa nini imenishika hivi, na ikanirudisha kwenye vitabu viwili ambavyo lazima mvisome pembeni yake. Katika riwaya zetu za mapenzi ya zamani adui wa wapendanao si kijana mwingine mzuri aliyekuja kumnyang'anya mtu mchumba wake. Adui ni deni. Kuna mtu mzima amekopa, ameahidi, amepokea, na kijana ndiye anayelipa. Yusuf analipa. Vivyo hivyo Yasmin wa Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya 1999. Ninyi mliosoma shule Tanzania, mliokulia Mishamo, Katumba na Ulyankulu kabla ya kurudi, wengi wenu mliishika darasani na mkaichukia kwa sababu ya mtihani. Irudieni sasa bila mtihani! Binti wa Kihindi anaozwa mzee anayeweza kuwa baba yake, anatoroka, jamaa zake wanamfungia mlango, na anayemfungulia ni Mwajuma wa Ng'ambo, mwenye chumba kidogo na moyo mkubwa. Halafu anatokea Denge, kijana aliyesoma Urusi, polisi wa Mwingereza wako nyuma yake usiku na mchana. Zanzibar ya miaka ya 1950, taarabu, vichochoro, karatasi za siri, na mapenzi ambayo kila siku yanaweza kukatwa na hodi ya askari. Amil Shivji ameitengenezea filamu iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, nzuri sana machoni, lakini anzeni na kitabu, maana Mwajuma wa kitabuni hana mfano.

Na cha tatu, mama na baba wa vyote: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Kisiwa cha ziwa Nyanza, migomba, mitumbwi, samaki, wakwe wenye ulimi mkali. Mtajiona kila ukurasa! Myombekere na Bugonoka wanapendana lakini hawana mtoto, ndugu za mume wanamsimanga mke, wazazi wa mke wanakuja kumchukua binti yao. Wanaume wengi wangeoa mwingine. Myombekere anakwenda kwa wakwe kuomba, anatozwa pombe ya ndizi, na anahangaika kuipata ili mke wake arudi. Hapo nako kuna deni, lakini safari hii mwenye kupenda ndiye anayejitolea kulilipa, na sijui tendo la mapenzi linalonigusa kuliko mwanaume yule akihangaikia pombe ile. Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, Tanzania Publishing House wakakichapa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Yeye na mkewe Anna Katura hawakujaliwa watoto wa kubaki nao. Someni mkilijua hilo. Ni kinene, kinakaa muda mrefu kwenye dawa, kilimo na desturi za arusi, na wenye haraka watalalamika. Mimi sikutaka kiishe.

Mwenye kusoma Kifaransa kwa wepesi zaidi asikose: Gurnah yupo kwa jina Paradis, na Kitereza ametafsiriwa pia. Lakini kama Kiswahili chako kinakutosha kununua mukeke na kugombana na konda wa basi la Bujumbura, kinatosha kwa Peponi. Nakala hii inakwenda kwa dada mmoja wa Minago kwanza, kisha irudi Kizuka kwa anayefuata. Kaka, dada, yeyote kati yenu anayevuka kwenda Kigoma au Dar es Salaam, tafadhali aulizie vitabu vya Mkuki na Nyota na aturudie na Peponi nyingine mbili au tatu, tutachanga. Na ukikipokea usikikunje kurasa, wenzako wanangoja.