Waliojua Kungojeana

Bendi ikinyamaza kwa miaka mingi, wapenzi wake huogopa kurejea kwake kuliko wanavyokiri. Mapigo wanayoyakumbuka ni ya vijana, na wanaorudi studioni ni wazee. Hofu hiyo ina msingi, maana albamu nyingi za kurejea huchosha upesi. Lakini ile ambayo Orchestra Baobab ya Senegal iliitoa mwaka 2002, Specialist in All Styles, haikuhitaji huruma ya msikilizaji. Bendi ilikuwa imesambaratika tangu miaka ya 1980, na bado albamu ilisikika kama mazungumzo yaliyokatizwa jana tu. Wengi waliita hilo muujiza. Nasema ni matunda ya ufundi wa namna yake: ufundi wa kungojeana, ambao haukai kwenye vidole vya mpigaji mmoja wala hauishi ujana unapokwisha.

Bendi hiyo iliundwa Dakar mwaka 1970 kuburudisha wateja wa Club Baobab, na wapigaji wake wa mwanzo wakachukuliwa kutoka Star Band, bendi nyingine ya Dakar. Balla Sidibé na Rudy Gomis walikuwa watu wa Casamance, kusini mwa nchi. Laye M'Boup alikuja na uimbaji wa malenga wa Kiwolofu. Barthélemy Attisso, mpiga solo, alikuwa Mtogo aliyefika Dakar kusomea sheria. Lugha yao ya pamoja ilikuwa muziki wa Kuba, ule ule uliofika Kongo kwa santuri na kuzaa rumba iliyotulea sisi wa Dar es Salaam na Nairobi. Ndiyo maana mpenzi wa dansi akiisikia Baobab kwa mara ya kwanza hajisikii mgeni: saksafoni anaifahamu, tumba anazifahamu, na gita la solo analisubiri. Watu wa makabila, dini na nchi mbalimbali wakipiga pamoja usiku baada ya usiku, hakuna anayeweza kutawala. Kila mmoja hulazimika kujifunza mwenzake anapovutia pumzi.

Ushahidi mkubwa wa somo hilo ni nyimbo walizorekodi mwaka 1982, ambazo ulimwengu ulizifahamu kwa jina la Pirates Choice zilipotolewa London mwaka 1989. Chukua Utrus Horas, ulioimbwa kwa Krioli ya Kireno. Mapigo ni ya polepole, karibu ya uvivu, na mtu asiye makini atadhani hakuna kinachotendeka. Gita la Attisso linaingia na mwangwi wake, linasema maneno machache, kisha linanyamaza. Ukimya ule hauwi pengo, kwa sababu besi inaubeba. Saksafoni ya Issa Cissokho nayo inakuja na ukavu wake, haikimbilii kilele, inazunguka pale pale mpaka mwimbaji apate njia. Attisso alikuwa na uwezo wa kujaza kila mahali kwa noti, na palipohitajika alimwaga. Ukubwa wake ulikuwa katika kujua pale ambapo noti moja zaidi ingekuwa utovu wa adabu. Kujizuia hivyo hakuonekani, kwa hiyo hakusifiwi, na ndiyo fani ngumu kuliko zote za bendi.

Sasa tazama kilichotokea bendi ilipokusanywa tena mwaka 2001. Attisso alikuwa wakili mjini Lomé, na gita alikuwa ameliweka pembeni kwa miaka mingi. Ilimbidi avifundishe vidole upya. Lakini kungojea hakukumtoka, na wenzake hawakuwa wamesahau mahali pa kumwachia nafasi. On Verra Ça, wimbo waliokuwa wameurekodi Paris katika miaka ya 1970, waliupiga tena bila kuukimbiza. Katika Hommage à Tonton Ferrer, Ibrahim Ferrer wa Kuba aliimba pamoja na Youssou N'Dour wa Senegal. Sauti mbili za nchi na vizazi tofauti zilikaa juu ya mapigo yale bila kusukumana, kwa sababu waliozibeba walikuwa wamezoea kupisha.

Wapo watakaosema kwamba yote hayo yalikuwa biashara ya Ulaya, iliyonogewa na mafanikio ya Buena Vista Social Club, albamu ya wanamuziki wa Kuba ya mwaka 1997. Ni kweli kwamba Nick Gold, mtayarishaji wa Kiingereza, alihusika katika kazi zote mbili. Ila fedha hueleza kwa nini mlango wa studio ulifunguliwa. Haielezi kilichosikika ndani. Wengine watasema Dakar ilikuwa na haki ya kuichagua mbalax, yenye ngoma zake za sabar, na kuacha muziki wa kuazima. Sipingi. Lakini Youssou N'Dour mwenyewe, ambaye mbalax yake ndiyo iliyoifunika Baobab, aliitayarisha Specialist in All Styles pamoja na Gold. Aliyeshinda alijua thamani ya alichokishinda. Kosa la wakati wetu ni kushinda bila kujua. Siku hizi sauti huingizwa leo, gita kesho, na ngoma hutoka kwenye kompyuta. Wapigaji wanaweza kumaliza wimbo bila kuonana uso kwa uso. Kazi hiyo ina ustadi wake, lakini haiwezi kumfundisha mtu kumngojea mwenzake, kwa kuwa mwenzake hayupo.

Na hapo ndipo sifa inapogeuka majonzi. Ndiouga Dieng, mwimbaji mwingine wa bendi, alifariki mwaka 2016, Issa Cissokho mwaka 2019, Balla Sidibé mwaka 2020, Rudy Gomis mwaka 2022. Ufundi wa mtu mmoja huweza kurithiwa na mwanafunzi mmoja, lakini ufundi wa kundi huhitaji kundi zima liwe hai na liwe pamoja. Baobab waliwahiwa kwa nafasi finyu, tena na mtu wa mbali. Kwetu, wapigaji wa bendi kubwa za dansi wanazikwa mmoja baada ya mwingine. Tunawaaga kwa hotuba nzuri, tunacheza zilipendwa redioni kwa wiki moja, kisha tunashangaa kwamba muziki wa sasa hauna utulivu. Waliokuwa wakiujua utulivu huo walikuwepo, na hatukuwaita.