Malaika Bila Mali

Huu wimbo hupigwa sana harusini, na mimi hadi leo sielewi kwa nini. Keki ikishaletwa, DJ anatafuta kitu cha mahaba ambacho hata wazee wanakijua, na hapo Malaika inaingia. Shangazi wanayumbayumba, wajomba wanatabasamu. Hakuna anayesimama kusema, jamani, huyu anayeimba hakuoa! Wimbo mzima ni wa kijana anayempenda msichana, anataka kumuoa, ila mfuko umekauka. Kuupiga harusini ni kama kusoma notisi ya kufukuzwa na landilodi kwenye sherehe ya kuhamia nyumba mpya.

Ni wimbo wa doo, hebu tuseme ukweli. Mapenzi yapo, lakini kinachoamua mambo ni mali. Ndiyo maana kila nikisikiliza matoleo yake mengi (na nimeyasikiliza mengi kuliko mtu mwenye kazi ya maana angepaswa) nauliza swali moja tu: huyu anayeimba anajua kwamba kijana amesota?

Fadhili William anajua. Yeye Mtaita aliurekodi mwaka 1960 na bendi yake, Jambo Boys, halafu akaurudia mwaka 1963 kwa Equator Sound, studio ya Charles Worrod hapa Nairobi. Gitaa halina haraka. Sauti yake haijikazi wala hailii, inaongea tu, kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu usiku kucha na jibu likawa lilelile. Hakuna kuomba huruma. Kwangu mimi hilo ndilo toleo linaloumiza zaidi, kwa sababu aibu ya kukosa pesa haipigiwi kelele.

Ni nani aliyeutunga? Hapo vita. Fadhili ndiye wengi wanampa heshima hiyo. Adam Salim wa Tanzania alidai aliutunga yeye mwaka 1945, akiwa Nairobi, kwa ajili ya msichana aliyempenda akamkosa. Kuna pia wanaomtaja Grant Charo. Watu huuchukulia ubishi huu kama stori ya baa, Mkenya dhidi ya Mtanzania, lakini jina kwenye lebo ya sahani ndilo huamua hela ziende wapi. Wimbo kuhusu mtu asiye na mali ukageuka kuwa mali, na watu wakaanza kuugombania. Fadhili alifariki mwaka 2001 hapahapa Nairobi, na ubishi haujaisha.

Aliyeupeleka duniani ni Miriam Makeba. Mwaka 1965 aliuimba na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya pamoja, iliyoshinda Grammy mwaka uliofuata. Sauti ya Makeba sitaisema vibaya, sina wazimu. Lakini sikiliza maneno. Pale ambapo Fadhili anamwita tena malaika wake na kumwambia angemuoa, Makeba anatamka kitu kinachosikika kama “mali”, kisha anaongeza “dada”. Silabi zimedondoka, na maana yote imepinduka: kijana aliyekosa mali sasa ni kama anaiposa mali yenyewe! Kiswahili hakikuwa lugha yake, sawa. Tatizo ni kwamba wengi waliomfuata walijifunza wimbo kutoka kwake, si kwa Fadhili, wakabeba na kosa lile kama lilivyo. Siku hizi hata bendi zetu, watu waliosoma fasihi simulizi hadi Fomu Foo, huimba “mali” palepale bila kupepesa. Tumerudishiwa wimbo wetu ukiwa na lafudhi ya ugenini na tukaupokea hivyohivyo.

Ajabu ni kwamba lile kosa limepatia. Malaika kugeuka mali kinywani mwa mwimbaji ndiyo habari ya wimbo wenyewe, na hakuna mtunzi ambaye angethubutu kuiandika waziwazi namna hiyo.

Baada ya hapo kila mtu akaja kuchota. Hep Stars wa Sweden, bendi ya Benny Andersson kabla ya ABBA, waliurekodi miaka ya 60. Boney M. waliutoa mwaka 1981, umepambwa ukapambika, na ukiusikia unaona ufuo, minazi, glasi yenye mwavuli mdogo. Umaskini wote umefuliwa ukatoka. Ndio Malaika wa mahoteli ya Diani, unaopigwa sambamba na Jambo Bwana ya Them Mushrooms mgeni akingojea kamba wake wa kuchoma. Sina ugomvi na wanamuziki wa hoteli, hao wanatafuta unga. Tena nadhani wanauelewa wimbo kuliko wanaowapigia.

Angélique Kidjo wa Benin naye aliuweka kwenye Logozo, mwaka 1991, na huyo anaimba kama mtu anayeomba dua. Nampenda. Ila yeye na Makeba wananiachia swali ambalo ni msikilizaji wa Kiswahili tu anayelisikia. Kwetu mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mwanamke akisimama jukwaani akasema angemuoa mtu, sarufi inashtuka kabla hata ya mama mkwe. Kwa masikio ya ng’ambo hakuna kilichotokea. Kwa masikio yetu, mwanamke amevaa koti la mwanamume na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Na huyo malaika mwenyewe, je? Matoleo yote haya, zaidi ya miaka 60, na yeye hajafungua mdomo. Anaitwa ndege, anawazwa, anakosekana. Pwani wana taarabu, ambako wimbo mmoja ukirushwa leo, kesho mtu anaujibu. Toleo ninalolingoja ni la msichana wa Nairobi asiyebadilisha kitu ila kitenzi kimoja tu, kuoa kiwe kuolewa, halafu amwambie huyo jamaa kama kweli yeye ndiye aliyeitaka hiyo mali, au ni baba yake.