Mwenye Uamuzi wa Kuibuka

Ukitaka kujua mnyama anatumia nishati kiasi gani, pima oksijeni anayovuta. Njia hii ni ya siku nyingi na inaaminika, lakini kwa ndege wapiga mbizi inagonga mwamba, kwa sababu wakati ule ule unaotaka kumpima, ndege hapumui. Hewa anayoitumia chini ameibeba kutoka juu. Deni analolimbikiza huko atalilipa akishaibuka, likiwa limechanganyika na matumizi yake ya kawaida ya kuelea na kukoroga maji kwa miguu. Ndiyo maana utafiti huu umekuwa kazi ya kubuni vifaa na mitego, na kila mtego ulipobadilika, jibu nalo lilibadilika.

Mitego ya kwanza ilikuwa ya mabavu. Mwaka 1870 Mfaransa Paul Bert aliandika kwamba bata akizamishwa, mapigo ya moyo wake hushuka sana. Kabla karne ile haijaisha, Charles Richet alifunga njia ya hewa ya bata kadhaa akawagawa. Walioachwa hewani walikufa baada ya dakika 7 hivi, waliozamishwa walidumu takriban 23. Wote hawakuwa na pumzi mpya, kwa hiyo kilicholeta tofauti ni maji yenyewe: kulowa uso kunaamsha kitu mwilini. Per Scholander wa Norway alikieleza kitu hicho kwa kina mwaka 1940. Moyo hupunguza kasi, mishipa ya kwenda kwenye misuli na utumbo hubanwa, damu iliyobaki huhudumia moyo na ubongo. Misuli hujitafutia nishati bila oksijeni, na ndege akiibuka, asidi laktiki iliyorundikana humwagika kwenye damu.

Kwa zaidi ya miaka 30 picha iliyokubalika ilikuwa hiyo: ndege chini ya maji hujizima na kubana matumizi. Scholander hakuwa mzembe, na alichokiona kilikuwepo kweli. Tatizo ni kwamba ndege wa majaribio ya aina ile alikuwa amefungwa kwenye ubao na kusukumwa kichwa majini na mtu. Hakujua atavuta pumzi lini. Mwili wake ulijibu dharura, kisha jibu la dharura likaandikwa vitabuni kama desturi ya kila siku.

Patrick Butler na Anthony Woakes, wa Chuo Kikuu cha Birmingham, ndio waliomfungua bata. Walipandikiza mwilini mwa ndege transmita ndogo ya redio iliyotuma habari za moyo na pumzi, halafu wakamwacha azame kwa hiari yake. Matokeo waliyochapisha mwaka 1979 yalienda kinyume na vitabu. Moyo wa bata huanza kwenda mbio kabla hajazama. Akizama tu hushuka ghafla, lakini kwa muda mfupi, kisha hupanda tena na kutulia juu ya kiwango cha mapumziko, kama wa ndege anayefanya kazi.

Ilibaki nishati yenyewe, na hapa ndipo ufundi wao ulipoonekana. Walimtumia bata mdogo mwenye kishungi, jamii ambayo baadhi yao hukimbia baridi ya kaskazini hadi kwenye maziwa ya nyanda za juu za Kenya. Chakula kiliwekwa chini ya tangi, na mahali pa kuibukia pakawa ndani ya boksi tu, ambalo hewa yake ilivutwa kwa kasi inayojulikana na kupimwa oksijeni iliyopungua. Lakini oksijeni inayovutwa baada ya mbizi moja ina mafungu mawili, la kulipia mbizi na la kukaa juu tu. Huwezi kuyatenganisha kwa kutazama mbizi moja. Butler na Woakes walikusanya mizamo mingi, ya muda mrefu na ya muda mfupi, iliyofuatwa na mapumziko yasiyolingana, kisha wakaacha takwimu zionyeshe kila sekunde ya chini inagharimu nini na kila sekunde ya juu inagharimu nini. Makadirio ya namna hii yanaaminika karibu na wastani, na hulegea kadiri unavyosogea pembeni. Wenyewe walitoa jibu lao kwa mbizi ya wastani, ya sekunde 14 hivi: bata hutumia oksijeni karibu mara 3.5 ya anayotumia akipumzika, sawa na akiogelea kwa kasi ya juu kabisa anayoweza kuidumisha.

Hakuna kubana matumizi hapo. Gharama kubwa ni ya kupigana na hewa yake mwenyewe, iliyojaa kwenye manyoya na vifuko vya hewa, inayomsukuma juu muda wote. Hata akiwa anachokoa chakula chini, miguu haiachi kupiga. Ikiacha, anapanda bila kupenda. (Mnandi amelitatua hili kwa namna yake: manyoya yake ya nje hulowa na kupoteza hewa, ndiyo sababu unamkuta ameanika mbawa juu ya mawe ya Ziwa Viktoria.)

Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilifanyika baadaye Birmingham, pamoja na Richard Stephenson. Bata alizama kwa hiari kama kawaida, kisha akiwa chini njia ya kuibukia ikazibwa. Alipokosa pa kutokea, moyo ulishuka kwa kasi. Ni maji yale yale na bata yule yule. Kilichobadilika ni nani mwenye uamuzi wa kuibuka.

Somo hilo lilifanyiwa kazi Antaktika kwa mtego mzuri ajabu. Gerald Kooyman na Paul Ponganis, wa taasisi ya Scripps huko Marekani, walitoboa tundu kwenye barafu ya bahari ya McMurdo Sound, mahali pasipo na ufa mwingine karibu, wakaweka pengwini kaizari hapo. Ndege aliwinda samaki chini ya barafu atakavyo, kwa muda aupendao, ila hana budi kurudi kwenye tundu lile lile, na kifaa kikarudi naye. Vipimo vya damu baada ya mizamo vilionyesha kwamba asidi laktiki huanza kupanda mbizi ikizidi dakika 5.6. Jessica Meir, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanaanga, alinasa mapigo ya moyo: 73 kwa dakika akipumzika, juu kidogo kwenye mizamo mifupi, na hadi 6 kwenye mbizi moja ya dakika 18. Kumbe Scholander na Butler wote walikuwa na haki. Ndege huyu hubeba majibu yote mawili, na huchagua kwa kadiri ya safari.

Dakika 5.6 zimezoea kuitwa kikomo, na jina hilo linapotosha. Pengwini kaizari huupita muda huo mara kwa mara baharini, na mbizi ya dakika 32.2 iliripotiwa mwaka 2018. Mwaka 2011 Cassondra Williams na wenzake walipachika kihisio cha mwanga kwenye msuli wa kifua, wakakuta kwamba kinachokwisha karibu na muda ule ni oksijeni ya msuli, wakati damu bado ina akiba. Ni ghala moja tu lililokauka.

Na kama ghala ni la msuli, saa si kipimo sahihi. Kozue Shiomi na wenzake walilionyesha hili mwaka 2012. Baharini pengwini huanza kurudi juu kabla ya dakika 5.7, lakini kwenye tundu la barafu, ambako hupiga mbawa kwa nafasi zaidi, wengine walichelewa kupita hapo. Walipohesabu mapigo ya mbawa badala ya dakika, hata hao waliochelewa walikuwa wamegeuka kabla ya kuzidi mapigo 237 hivi. Hesabu hiyo hupatikana kwa kinasa mwendo kinachobandikwa mgongoni, bila sindano na bila upasuaji.