Gobore la Mtumba: Jinsi ya Kulikagua Kabla ya Kulilipia

Gobore ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni. Baruti hutangulia, risasi hufuata, mdeki huzisukuma hadi mwisho wa mtutu, kisha fataki au cheche ya jiwe la gumegume huwasha moto. Nchini Marekani silaha hii bado inatumika sana. Majimbo mengi yametenga msimu wa kuwinda kulungu kwa gobore peke yake, na Pennsylvania ina msimu wa gumegume tupu tangu mwaka 1974. Mahitaji hayo ndiyo yanayofanya magobore mapya yaendelee kuundwa na yaliyotumika yajae madukani. Mnunuzi anayejua kukagua hupata bunduki nzuri kwa bei iliyo chini sana ya mpya. Asiyejua hulipia shaba iliyosuguliwa ikang'aa na ubao uliopakwa mafuta, kumbe thamani ya gobore imo ndani ya mtutu.

Majina yanayokutwa sokoni

Magobore mengi ya mtumba ni nakala za bunduki za karne ya 19, zilizoundwa kuanzia miaka ya 1960 na 1970. Maarufu kuliko yote ni Hawken ya kampuni ya Thompson/Center, iliyoanza kuuzwa mwaka 1970 kutoka Rochester, New Hampshire. Jina lake ni la ndugu wawili, Jacob na Samuel Hawken, mafundi wa St. Louis, Missouri, waliowaundia bunduki wawindaji wa milimani. Nakala hiyo haifanani sana na za mafundi wenyewe: ni fupi na ina shaba nyingi, wakati zile za asili kwa kawaida zilipambwa kwa chuma. Hata hivyo, mtutu wake wa pembe nane ni wa kutegemewa.

Kampuni hiyohiyo iliunda Renegade, yenye mtutu wa inchi 26 badala ya 28 na isiyo na madoido ya shaba. Kwa kuwa haivutii macho, kwa kawaida huuzwa kwa bei ndogo kuliko Hawken, ilhali kazi ya mtutu na mtambo ni ya daraja lilelile. Anayetafuta nafuu aanzie hapo.

Great Plains Rifle ya Lyman iliundwa Italia na kiwanda cha Investarm, na umbo lake linaikaribia zaidi Hawken ya asili. CVA na Traditions waliagiza bunduki zao kutoka Hispania. Hizi ndizo za bei ya chini: ubao wake mara nyingi si wa mjozi, na mtambo wake haukupigwa msasa vizuri, lakini nyingi hulenga shabaha sawasawa na za gharama. Juu yao wako Pedersoli wa Gardone Val Trompia, kaskazini mwa Italia, wanaofanya kazi hiyo tangu mwaka 1957. Bunduki zao hupungua bei kidogo tu hata zikishatumika.

Kundi jingine ni la bunduki zisizo na jina la kiwanda, zilizoundwa na fundi mmoja au kuunganishwa nyumbani kutokana na vipande vilivyonunuliwa. Hapa bei huyumba mno, na mnunuzi atazame vipande vyenyewe. Mtutu wenye alama ya Green Mountain au Colerain, au mtambo wa Siler, unaonyesha kwamba aliyeiunda hakubania gharama. Baada ya hapo jicho litazame mahali chuma kinapoingia kwenye ubao. Fundi mzuri haachi mwanya. Asiye mzuri huuziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao.

Mwisho ni magobore ya kisasa, ambayo fataki yake hukaa nyuma ya mtutu kwa mstari ulionyooka na baruti. Mtindo huo ulienea baada ya Tony Knight kutoa MK-85 mwaka 1985. Wawindaji wengi walihamia huko, na bunduki zao za zamani zenye nyundo ya pembeni zikabaki kabatini zikisubiri kuuzwa.

Mahali, wakati na sheria

Wakati mzuri wa kununua ni baada ya msimu wa uwindaji kufungwa, aliyekata tamaa anapotaka kuondokana na bunduki na kabla anayejiandaa kwa msimu ujao hajaingia sokoni. Maduka ya rehani na minada ya mali za marehemu huwa na bei ya kutupa, kwa kuwa wauzaji wake hawayajui sana magobore, lakini pia hawajui kama mtutu umeoza. Kwenye mikutano ya walenga shabaha, kama ile ya Friendship, Indiana, inayoandaliwa na chama cha kitaifa cha magobore kilichoundwa mwaka 1933, bei huwa ya haki na muuzaji anaweza kuulizwa maswali ya kitaalamu.

Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 inaliweka kando ya silaha za kawaida gobore lisiloweza kupokea risasi za ganda, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti makali zaidi. Encore ya Thompson/Center, ambayo mtutu wake unaweza kubadilishwa ukawekwa wa risasi za ganda, huhesabiwa silaha kamili. Tanzania na Kenya hazina msamaha wa namna hiyo: gobore ni silaha, na kulimiliki bila kibali ni kosa. Mwongozo huu pia haulihusu gobore la kienyeji, ambalo mara nyingi mtutu wake ni bomba lisilokusudiwa kuhimili nguvu ya baruti. Hilo halikaguliwi, ni la kusalimishwa polisi.

Kuhakikisha ni tupu

Kabla ya jambo jingine lolote, mdeki huingizwa mtutuni hadi ukome, na alama huwekwa unapokutana na mdomo. Kisha hutolewa na kulazwa juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha yake inapaswa kufika karibu na usawa wa tundu la moto. Ikikomea inchi moja au mbili kabla, ndani mna kitu, na aghalabu kitu hicho ni baruti na risasi vilivyoachwa tangu msimu uliopita. Magobore ya mtumba yenye shindilio ndani si nadra, na baruti nyeusi iliyokaa pakavu haipotezi nguvu kwa miaka mingi.

Mtutu

Baruti nyeusi inapoungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa masizi na chumvi zinazovuta unyevu hewani. Pyrodex, iliyoingia sokoni mwaka 1976 kama mbadala wake, ina pakloreti ya potasiamu, na mabaki yake hula chuma vivyo hivyo au zaidi. Bunduki iliyolazwa bila kuoshwa huanza kushika kutu upesi, na uharibifu huanzia chini kabisa, mahali baruti inapokaa, ndipo pagumu zaidi kuonekana kutokea mdomoni.

Taa ndogo huteremshwa hadi mwisho wa mtutu. Mifereji iliyochongwa ndani kwa kujizungusha inapaswa kuonekana na kingo kali kutoka juu hadi chini. Rangi ya kijivu iliyofifia si kasoro. Vishimo vyeusi vilivyotawanyika ni kasoro, na vikiwa vingi kwenye inchi chache za mwisho bunduki hiyo ni ya kuachwa.

Kinachofuata ni kitambaa. Kipande cheupe cha pamba, kilichotiwa mafuta kidogo na kubana sawasawa, husukumwa polepole kwa mdeki. Mkono ndio unaopima: mtutu mzuri hubana kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho. Kitambaa kikikwama, kikichanika au kutoa mlio wa kukwaruza, kuna kutu iliyochimba. Kikilegea ghafla mahali pamoja kisha kikabana tena, mtutu umevimba hapo. Uvimbe huo hutokea risasi ilipofyatuliwa kabla haijakalia baruti, au mtu alipotia baruti isiyo na moshi, ambayo karibu hakuna gobore linaloweza kuihimili. Mtutu uliovimba haurekebishwi. Kitambaa kinapotoka, rangi nyeusi ni masizi na huoshwa, ila rangi ya chungwa inayorudi hata baada ya vitambaa vitatu au vinne ni kutu inayoendelea kula.

Mdomo wa mtutu nao huchunguzwa. Mdeki ulioingizwa kwa upande kwa miaka mingi hulamba mifereji ya upande mmoja, na risasi hutoka ikiwa imeinama. Kasoro hii hupunguza bei bila kuiharibu bunduki, kwa sababu fundi anaweza kukata kidogo na kuuchonga mdomo upya.

Kipimo cha mwisho ni cha msokoto wa mifereji. Kitambaa kinachobana hufungwa kwenye mdeki ambao ncha yake inazunguka kwa uhuru au ambao mpini wake haushikwi kwa nguvu, na mdeki huvutwa polepole. Ukizunguka robo duara katika inchi 12, mzunguko mzima ni inchi 48, msokoto wa Hawken ya Thompson/Center, unaokubali gololi na risasi ndefu kwa wastani. Mzunguko wa inchi 60, kama wa Great Plains, hupenda gololi iliyofungwa kitambaa. Ule wa inchi 28 na kushuka hupenda risasi ndefu. Bunduki nzuri yenye msokoto usiolingana na risasi anayokusudia kutumia mnunuzi si nzuri kwake.

Tundu la moto na mtambo

Chuchu inayovalishwa fataki inapaswa kufunguka kwa ufunguo. Ikiwa imeganda, hiyo ni dalili kwamba bunduki haikuwa ikifunguliwa wakati wa kuoshwa. Tundu lake likipanuka, moto hurudi nyuma na kuisukuma nyundo. Chuchu mpya ni ya bei ndogo, ila hesi zake hazifanani: Thompson/Center ni za robo inchi, na nyingi za Hispania ni za milimita 6. Kwa magobore ya kisasa, muuzaji aombwe kuifungua skrubu kubwa ya nyuma mbele ya mnunuzi. Akikataa au ikigoma kufunguka, biashara iishie hapo. Ziepukwe pia CVA za aina hiyo za mwaka 1995 na 1996, ambazo namba zake zinaishia na 95 au 96: kampuni yenyewe iliziita zirudishwe mwaka 1997 kwa hofu ya mtutu kupasuka.

Nyundo ina vituo viwili, cha nusu na cha mwisho. Ikiwa kituo cha nusu, kifyatulio kikivutwa kwa nguvu ya kawaida haipaswi kuanguka. Ikiwa kituo cha mwisho, ikisukumwa mbele kwa dole gumba inapaswa kubaki imara. Vifyatulio vikiwa viwili, cha nyuma hukitega cha mbele kiwe chepesi, na vyote hujaribiwa. Kipande cha ngozi huwekwa juu ya chuchu ili nyundo isiivunje.

Kwenye gumegume, kinachopimwa ni bamba la chuma linalopigwa na jiwe. Jiwe kali linapaswa kuangusha cheche nyeupe nyingi kwenye kisahani cha baruti. Cheche chache nyekundu na mifereji mirefu iliyochimbwa kwenye bamba humaanisha chuma ni laini, na itabidi kipikwe upya na fundi.

Ubao na alama

Ubao huvunjika kwenye shingo, pale mkono unaposhika nyuma ya mtambo. Nyufa za hapo, na zile zinazoanzia kwenye skrubu za mtambo, huonekana ubao ukikunjwa kidogo chini ya mwanga. Mikwaruzo na rangi iliyofifia ni vya kupunguzia bei tu. Kabari inayoushikilia mtutu itolewe na mtutu unyanyuliwe, kwani kutu ya chini yake hufichwa na ubao.

Upande huo wa chini ndiko alama zilipo mara nyingi. Bunduki za Italia hupimwa na serikali kabla ya kuuzwa: herufi PN chini ya nyota zinathibitisha kipimo cha baruti nyeusi, na herufi mbili ndani ya kisanduku hutaja mwaka, AA ikiwa ni 1975. Muuzaji akitoa umri usiolingana na kisanduku hicho, maneno yake mengine nayo yapimwe upya.

Hesabu ya bei

Baada ya ukaguzi kasoro hugawanywa mafungu mawili. Chuchu, mdeki, kabari, springi, shabaha na hata mtambo mzima hununuliwa na kubadilishwa, na gharama yake hupunguzwa kwenye bei inayotajwa. Mtutu uliooza au kuvimba hauna hesabu hiyo. Wapo mafundi wanaoupanua mtutu wenye vishimo kutoka kipimo cha .50 hadi .54 au zaidi, lakini kazi hiyo ina maana tu pale bunduki inapopatikana kwa bei ya kutupa na kuta za mtutu zikiwa nene. Renegade yenye ubao uliochakaa na mtutu safi ni ununuzi bora kuliko Hawken inayong'aa ambayo kitambaa chake kimetoka na rangi ya chungwa.