Maandamano Hushonwa Kwanza
Waliokuwa Bugembe tarehe 18 Novemba 2023, Kyabazinga, mfalme wa Busoga nchini Uganda, alipofunga ndoa, wanajua jinsi mavazi na mpangilio wa watu vinavyotoa ujumbe kabla hotuba haijaanza. Wanawake wa Uingereza waliodai haki ya kupiga kura waliifanya kazi hiyo kwa ufundi mkubwa.

Tarehe 13 Juni 1908, chama cha Millicent Fawcett, mmoja wa viongozi wa madai hayo, kiliandamana London hadi Royal Albert Hall. Bendera nyingi zilibuniwa na Mary Lowndes, fundi wa vioo vya rangi vya makanisani. Kwake, bendera haikuwa tangazo la kusomwa. Rangi itangulie, maneno yawe machache, kitambaa kicheze na upepo. Madaktari walikuwa na bendera yao, waandishi yao, miji nayo yake, hivyo mtazamaji wa kando ya barabara alijionea mwenyewe kwamba wanaodai kura si kikundi kidogo cha mabibi wasio na kazi. Siku nane baadaye wafuasi wa Emmeline Pankhurst, kiongozi mwingine wa madai hayo, waliingia Hyde Park kwa misafara saba, wamevaa nyeupe pamoja na zambarau na kijani. Uchaguzi huo wa rangi naupenda sana: asiyemudu gauni alinunua utepe, akawa ndani ya msafara.

Dar es Salaam, mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed hakulazimika kuanzia kwenye sindano. Alikuwa mwimbaji hodari wa ngoma, na alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, vikiwemo vya lelemama, ngoma ya wanawake. Huko alikuta sare, vyeo, michango na, muhimu kuliko vyote, watu waliozoea kuitana na kuitikiana. Kufikia Oktoba, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha.

Hapo ndipo naiona Dar es Salaam ikiipita London. Msafara wa Lowndes ulikusanywa kwa ajili ya siku yake. Wanawake wa Bibi Titi walikuwa pamoja tayari, kwenye ngoma na harusi. Uchaguzi wa 1958 ulipodai elimu ya darasa la nane, kipato cha pauni 150 kwa mwaka au wadhifa maalumu, wengi wao walibaki nje ya kituo cha kura. Hata hivyo waliendelea kujaza mikutano, kukusanya fedha na kuuza kadi za chama.